Kabla ya Kufungua Daftari Jipya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia miezi kuwa kumi na miwili, na akaufanya mwezi mwandamo kuwa kipimo cha nyakati za watu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapenzi, na hasa mama zetu na dada zetu: mwaka wa Januari unapogeuka, mtaa wa Mowlem, kule Embakasi Magharibi, huwa na pilikapilika za aina mbili. Za kwanza huonekana na kila mtu. Ni mikokoteni inayohamisha vitanda na magodoro kutoka ploti moja hadi nyingine, mpangaji akitafuta kodi iliyo nafuu kabla karo ya shule haijamwangukia. Za pili hufanyika ndani, juu ya mkeka, mlango ukiwa umerudishwa. Ni kina mama wanavunja chama: akiba ya mwaka mzima inahesabiwa, kila mmoja anakabidhiwa fungu lake, na daftari linafungwa ili jipya lifunguliwe Januari.

Katika darsa letu la mtaani humo, miongoni mwa kina mama wengi waliotoka mwambao, tuliletewa suala moja mwishoni mwa mwaka. Mmoja wa wanachama alikuwa amefariki dunia kabla ya chama kuvunjwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Fungu lake lilikuwa shilingi 51,600. Wenzake walikuwa wamekubaliana, kwa nia safi kabisa, zitumike kumsomea hitima na kulisha watu, na zitakazobaki ziwe mtaji wa mwaka mpya. Mweka hazina, mtu mzima asiyependa maneno mengi, hakutulia. Akatuuliza, "Sheikhe, hizi ni zetu kuzitolea sadaka?"

Tukamjibu: la, mama, si zenu. Tangu roho ilipotoka, fedha zile ziliacha kuwa akiba ya mwanachama zikawa mirathi. Wema wa nia hauibadilishi mali ya mtu kuwa ya mwingine. Atakaye kumlisha watu marehemu na atoe mfukoni mwake.

Tukakaa kuhesabu, na tunaiweka hisabu hii hapa kwa kuwa vyama ni vingi na mauti hayana zamu. Kwanza deni: marehemu alikuwa akidaiwa shilingi 3,600 dukani, za unga na mafuta. Zikalipwa. Wasia hakuacha. Zikabaki shilingi 48,000. Aliacha mume, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baba yake alikwisha kutangulia. Mume, kwa kuwa wapo watoto, ana robo: 12,000. Mama ana sudusi: 8,000. Zilizobaki 28,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja moja: 14,000 kwa mvulana, 7,000 kwa kila msichana. Yule bibi alikuwa akiishi pwani, wala hakujua kwamba mwanawe aliwahi kuingia chama chochote. Alipopelekewa fungu lake kwa simu alidhani zimekosewa njia, akataka kuzirudisha.

Tunalisimulia hili kwa sababu mazungumzo ya mwaka mpya huwa yote ni ya kuanza. Kila mtu ana azma: kupunguza sukari, kuhifadhi juzuu, kufungua biashara ya mahamri. Ni mambo mazuri. Lakini ni wachache wanaoulizana kilichobaki nyuma ni cha nani.

Na sisi Waislamu mwaka wetu wenyewe umesimama juu ya swali hilo. Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka dola iwe na tarehe, yapata mwaka wa 16 au 17 wa Hijra, palitajwa mbele yake mianzo kadhaa ya kuhesabia, kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.) kukiwamo. Ikachaguliwa Hijra, mwaka 622 kwa hisabu ya Miladi. Sasa tuitazame Hijra ilivyoanza. Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (s.a.w.), na bado nyumbani mwake mlikuwa na amana zao, kwa kuwa hata waliomkadhibisha hawakumpata mwingine wa kumwamini kwa mali. Safari ni ya usiku, maisha yamo hatarini. Angeziacha, au hata angezichukua, nani angemlaumu? Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka azirudishe kwa wenyewe, naye akakaa siku tatu akifanya kazi hiyo, kisha ndipo akamfuata Madina.

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na mwaka mwingine tena, wa jua, ambao Makunduchi kule Unguja wanaukoga hadi leo kila Julai. Zamani siku hiyo majivu ya jikoni yalikuwa yakitupwa na moto mpya kuwashwa. Mowlem jiko ni la gesi na bahari iko mbali, basi la majivu tuliache.

Lililobaki ni la zaka, na hili linawahusu kina mama waliokwisha kupokea mafungu yao. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, wa siku 354 au 355. Hupungua kwa siku kama 11 ukilinganishwa na huu wa Januari. Ndiyo maana mwaka 2008 Muharram iliingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Siku 11 huonekana ni kitu kidogo. Lakini katika miaka 33 ya Januari hupita miaka 34 ya Hijra, na aliyekuwa akitoa zaka kila Januari kwa muda huo anadaiwa zaka ya mwaka mzima bila ya kujua. Mafukara ndio wanaomdai.

Kwa hiyo mwanamke aangalie ni lini mali yake ilifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, aiandike tarehe hiyo kwa mwezi wa Kiislamu, na kila inaporudi mali ikiwa haijashuka chini ya kiwango, atoe mbili na nusu kwa mia. Fungu la chama analihesabu pamoja na akiba nyingine aliyo nayo. Pambo la dhahabu analolivaa bila ya israfu halina zaka katika madhehebu ya Imam Shafii. Iliyofungwa kitambaani kuwa akiba inayo. Na chama kinachokopesha wanachama kwa ziada kisha kikagawana ziada hiyo, kile si faida bali ni riba, na daftari lake jipya lisifunguliwe kwa sharti lile lile.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka huu, tumewashauri wale kina mama wa Mowlem, uwe na majina ya warithi wa kila mwanachama na nambari zao za simu. Wamekwisha kuandika. Wawili wameomba muda kidogo, kwa kuwa kuna ndugu ambao hawajasemezana nao tangu mwaka juzi, na nambari hawanazo.