Je, Wajua? Sikio Zima, Maneno Hayashikiki

Mtu anayeishi na VVU anaweza kusikia sauti vizuri na bado asishike maneno. Katikati ya kelele za Soko la Majengo, Dodoma, muuzaji anataja bei. Sauti inafika, maneno yanachanganyikana. Wengine humwita mteja huyo kiziwi, au mkaidi. Wanamwonea.

Watafiti wa Marekani na wenzao wa chuo kikuu cha Muhimbili, waliopima usikivu jijini Dar es Salaam, waliona kuwa baadhi ya watu wenye VVU, hata masikio yao yakiwa mazima, hupata shida kufuata mazungumzo penye kelele, au kutambua kimya kifupi mno, cha sehemu ndogo ya sekunde, katikati ya mvumo. Shida hiyo ilienda sambamba na alama za chini kwenye vipimo vya kumbukumbu na kufikiri. Inadhaniwa chanzo ni ubongo, ambako virusi hufika mapema baada ya maambukizi.

Dawa za ARV zimepunguza sana hali kali ya kupotewa na akili inayoletwa na VVU, ingawa dalili nyepesi hubaki kwa baadhi. Ukiziona kwako au kwa ndugu yako, mweleze mhudumu wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC), na dawa usiziache.