Kabla ya Kuuza Gari la Zamani Linalotegemewa

Katika Kata ya Kenyamonta, kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini ya wilaya za Serengeti na Tarime, gari la familia hufanya kazi zaidi ya moja. Asubuhi hupeleka watu Mugumu kufuata huduma, mchana hubeba magunia ya mahindi kutoka shambani, na usiku huweza kugeuka gari la mgonjwa. Ndiyo maana uamuzi wa kuliuza gari dogo la zamani, ambalo bado linawaka kila asubuhi, na kununua gari refu lililotumika lenye nafasi ya mizigo nyuma, mfano wa Toyota Probox au Corolla Fielder, unapaswa kutanguliwa na hesabu.

Hatari iliyopo ni ya kweli. Kaya inaweza kutumia akiba ya ada za shule kununua gari jipya machoni mwake, kisha ikagundua baada ya miezi michache kuwa imebadilisha ubovu inaoujua kwa ubovu isioujua.

Umri wa gari na afya ya gari

Watu wengi hupima gari kwa herufi ya namba yake. Gari la namba A huonekana limechoka, na la namba D au E huonekana jipya. Hata hivyo, herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, wala haionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa magari yanayoingizwa nchini, tofauti na Kenya ambako gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka minane. Hivyo gari la namba mpya linaweza kuwa na umri wa miaka 15 au zaidi.

Badala ya ukomo, hapa nchini hutozwa ushuru wa uchakavu. Gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Hayo ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Sehemu kubwa ya bei anayolipa mnunuzi, kwa hiyo, ni kodi. Bei kubwa haithibitishi kuwa injini ni nzima.

Gari la zamani nalo lina faida isiyoandikwa kwenye kadi: historia yake inajulikana. Mmiliki wa Corolla ya miaka ya 1990 anajua ni lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa, injini inakunywa oili kiasi gani, na fundi yupi analifahamu. Historia ya aina hiyo hainunuliwi pamoja na gari la mtu mwingine.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kaya yenye gari linaloweza kuuzwa shilingi milioni 6. Gari refu wanalolitaka linauzwa milioni 15. Uhamisho wa umiliki, bima na matengenezo ya mwanzo yakigharimu milioni 1, kaya italazimika kuongeza shilingi milioni 10.

Gari lao husafiri kilomita 12,000 kwa mwaka. La zamani likienda kilomita 10 kwa lita, litatumia lita 1,200. Refu likienda kilomita 14 kwa lita, litatumia takribani lita 857. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, akiba ni kama shilingi 1,029,000 kwa mwaka. Tukiongeza kuwa matengenezo yatapungua kutoka milioni 1.5 hadi laki 9, akiba yote itafika takribani shilingi milioni 1.63. Kwa kasi hiyo, milioni 10 zitarudi baada ya miaka zaidi ya sita, na kwa muda wote huo gari lililonunuliwa nalo litakuwa likizeeka. Fedha zikiwa za mkopo, riba hurefusha muda huo.

Sasa tuseme kaya hiyo hukodi gari la mizigo mara kumi kwa mwaka, kila safari shilingi 80,000. Gari refu likiweza kubeba mzigo huo, akiba inaongezeka kwa laki 8 na muda wa kurudisha fedha unashuka hadi miaka minne hivi. Tofauti hiyo imeletwa na kazi, wala haikuletwa na umri wa gari. Kila kaya inaweza kuweka viwango vyake mahali pa hivi vya mfano na kuona jibu lake.

Nafasi kubwa haimaanishi uzito wowote

Kosa linalofuata hutokea baada ya kununua. Nafasi ya nyuma huwashawishi wengi kupakia hadi dari. Kiwanda kiliiwekea Probox ya vani yenye injini ya sentimita za ujazo 1,500 mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 tu ikiwa na watu watano. Kwa magunia ya mahindi ya kilo 100, hayo ni magunia manne katika hali ya kwanza na mawili katika hali ya pili. Kupita hapo ni kuua springi, shokapu na matairi, na kurefusha umbali wa gari kusimama linapofungwa breki. Katika miteremko yenye changarawe, au kwenye udongo mweusi wakati wa masika, umbali huo unaweza kuamua uhai wa watu.

Vilevile, gari la binafsi lenye kibao cha njano haliruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Anayenunua gari akilenga kulifanya mchomoko anapaswa kulisajili kibiashara, kupata kibao cheupe, na kuomba leseni ya usafirishaji kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kulikagua gari kabla ya kulipa

Ukaguzi wa gari lililotumika ufanywe mchana, na fundi anayelipwa na mnunuzi. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, kwa kuwa muuzaji anayeipasha moto mapema huweza kuficha mlio na moshi. Chini ya gari paangaliwe kutu, kuvuja kwa oili na alama za kuchomelea. Sakafu ya nyuma na springi zikaguliwe kwa makini, maana gari la aina hii mara nyingi limebeba mizigo kabla ya kufika sokoni.

Fundi aangalie pia giaboksi. Baadhi ya Fielder tangu mwaka 2006, na Probox za automatiki tangu mwaka 2014, hutumia giaboksi ya CVT, ambayo huhitaji oili yake maalumu. Kuiwekea oili ya giaboksi ya kawaida ni kuiharibu. Kwa upande mwingine, injini ya 1NZ iliyo kwenye nyingi ya gari hizi ndiyo iliyo pia kwenye baadhi ya IST na Vitz, jambo linalorahisisha upatikanaji wa vipuri.

Upande wa nyaraka, namba ya chasi na ya injini zilinganishwe na kadi. Jina la muuzaji lithibitishwe kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), deni la faini za barabarani liangaliwe kwenye mfumo wa polisi, na uhalali wa bima uhakikiwe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Mkataba wa mauziano uandikwe, na umiliki uhamishwe mara moja. Gari lisilohamishwa humwacha muuzaji na madeni, na mnunuzi bila haki kamili. Wakazi wanaoishi karibu na mpaka wa Sirari wajihadhari na gari la bei nafuu lenye namba za nchi jirani ambalo ushuru wake haujalipwa.

Wakati wa kubadilisha

Zipo hali ambazo gari la zamani linapaswa kuachwa: chasi iliyoliwa na kutu, breki zisizotulia hata baada ya matengenezo, vipuri visivyopatikana tena, au gharama za mwaka zinazokaribia thamani ya gari lenyewe. Dalili nyingine ni gari kuanza kukwama njiani bila kutabirika.

Dalili hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee vijijini. Kupitia mfumo wa m-mama, unaopatikana bila malipo kwa namba 115, mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa usafiri wa kumfikisha kituo cha afya au hospitali. Pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, huitwa madereva wa jamii wenye magari yao wenyewe. Kwa mama huyo, herufi ya namba na umbo la buti havina maana yoyote. Anachohitaji ni gari litakalowaka saa nane za usiku na kufika.

Mwenye gari la namna hiyo, na asiye na mzigo wa kutosha kulipia refu zaidi, ana sababu nzuri ya kulitunza: abadilishe oili na mkanda kwa wakati, arekebishe breki, na aendelee kuweka akiba. Akifika siku ya kununua lingine, atakuwa na fedha mkononi na muda wa kuchagua.