Hedifoni za besi nzito: Pima kwanza, lipa baadaye

NGOMA ikivuma sana, walisema wahenga, haikawii kupasuka. Methali hii, msomaji mpenzi, ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila duka linalouza hedifoni. Zuru maduka ya vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au soko lolote la mji wako, nawe utaona kwamba sifa inayotangulia kutajwa na muuzaji ni moja tu: besi. Atakuvika hedifoni masikioni, atachagua wimbo anaoujua yeye, ataongeza sauti, na kabla ya sekunde ishirini kwisha mkono wako utakuwa tayari mfukoni.

Lakini je, mdundo huo uliokuteka kwa sekunde ishirini utakupendeza kwa saa nane ukiwa ndani ya basi la kwenda Mombasa? Je, maneno ya mwimbaji utayasikia? Na masikio yako, yatakuwa salama? Haya ndiyo maswali anayopaswa kujiuliza kila mnunuzi, awe kijana anayejinunulia au mzazi anayemtafutia mwanawe zawadi.

Tuanze na besi yenyewe. Sauti yoyote ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde hadi karibu 20,000. Besi ni ile mitetemo ya polepole. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, ukicharazwa bila kubanwa na kidole, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja. Ili sauti ya namna hiyo isikike vyema, hewa nyingi lazima isukumwe. Ndiyo maana spika za besi ndani ya matatu huwa pana kama sinia za pilau.

Hedifoni ya kutembea nayo haina nafasi hiyo. Spika yake ni ndogo sana. Inachofanya ni kukaa karibu mno na kiwambo cha sikio, na aghalabu kuziba mahali ilipokaa ili hewa isitoroke. Ukilifahamu jambo hili moja, umefahamu nusu ya siri ya hedifoni: besi hutegemea sana jinsi kifaa kinavyokaa sikioni mwako. Hedifoni ile ile inaweza kunguruma kwa rafiki yako, na kwako ikalia kama redio iliyokwisha betri.

Na kupenda besi si dhambi. Mnamo 1933, wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sikio la binadamu huzipokea sauti nzito kwa shida zaidi, hasa muziki unapochezwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo anayesikiliza polepole na kuongeza besi kidogo anarudisha tu kile ambacho sikio limepunguza. Tena nani atasikiliza benga, rumba au rege bila gitaa la besi? Itakuwa ugali bila mboga.

Tatizo huanza pale besi inapogeuka kuwa biashara.

<b>Kutoka Walkman hadi leo</b>

Muziki wa kutembea nao ulienea kwa kishindo baada ya kampuni ya Sony kuanza kuuza Walkman nchini Japani mnamo Julai 1979. Hedifoni yake ilikuwa nyepesi, yenye vijimto vya sponji. Mwaka 1984 kampuni ya Koss ya Marekani ikatoa hedifoni iitwayo Porta Pro, ambayo ilipata sifa kwa besi yake nene licha ya umbo dogo. Kisha mnamo 2008 zikaja Beats, zilizoanzishwa na mwanamuziki Dr. Dre pamoja na Jimmy Iovine. Hizo ziliifanya besi nzito kuwa fasheni ya vijana duniani kote, hata kampuni ya Apple ikainunua biashara hiyo mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.

Hebu tuitazame Porta Pro kidogo, kwa maana imeendelea kuuzwa kwa miongo minne ikiwa na umbo lile lile, na ni mfano mzuri wa faida na hasara za hedifoni za aina hii. Uzuri wake ni kwamba hukunjika ikaingia mfukoni, na ina vijimto viwili vya ziada vinavyoegemea juu ya masikio ili uzito usilibane sikio peke yake. Besi yake ni ya joto, tena imevimba kidogo upande wa juu, kiasi kwamba ngoma na gitaa la besi huonekana kusogea mbele ya waimbaji. Anayependa rumba atafurahi. Anayetaka kusikia kila herufi ya shairi la taarabu huenda akanung'unika.

Hasara zake nazo ziko wazi. Haizibi sikio, kwa hivyo kelele za nje huingia, na jirani yako hupata muziki wa bure. Upinde wake wa chuma nao una tabia ya kung'oa nywele moja moja unapourekebisha.

Jambo jingine: maelezo yake husema hutoa mitetemo kuanzia 15 hadi 25,000 kwa sekunde. Tumekwisha kuona kwamba sikio halifiki huko. Namba za kwenye sanduku, basi, hazikuambii besi ni safi au ni chafu. Kazi hiyo ni ya masikio yako.

<b>Jinsi ya kupima sauti</b>

Kwanza, beba muziki wako mwenyewe katika simu. Usikubali wimbo wa muuzaji, kwani ameuchagua kwa sababu unaipendeza bidhaa yake. Chagua nyimbo tatu unazozijua kama njia ya kwenda nyumbani.

Wa kwanza uwe wa benga, kwa mfano wa Shirati Jazz ya marehemu Daniel Owino Misiani. Katika benga gitaa la besi halikai nyuma kama mtumishi. Hutembea na kusema na magitaa membamba. Sikiliza kama unaweza kuifuata kila noti ya besi kutoka moja hadi nyingine. Besi nzuri ina noti. Besi mbaya ni mngurumo mmoja usiobadilika, kama lori lililoegeshwa nje likiwa linanguruma. Debe tupu, kama mjuavyo, haliachi kuvuma.

Wimbo wa pili uwe wa sauti ya mtu mmoja na ala chache, uwe wa taarabu au wa dini. Je, maneno yanasikika bila kukaza masikio? Kitaalamu, sauti nzito zina uwezo wa kuzifunika zile nyembamba zilizo juu yake, wala si rahisi kwa nyembamba kuzifunika nzito. Hii ndiyo sababu besi ikizidi, mwimbaji huonekana kama anaimba akiwa amefunikwa blanketi.

Wa tatu uwe wenye vyombo vingi kwa pamoja: kwaya kubwa, ngoma, kinanda na makofi. Hapo utajua kama hedifoni inaweza kutenganisha vitu au inavipika vyote chungu kimoja.

Pili, linganisha kwa kiwango kimoja cha sauti. Sikio la binadamu hudanganyika kwa urahisi: kinacholia kwa nguvu zaidi huonekana kizuri zaidi, hata kama tofauti ni ndogo. Ukijaribu hedifoni mbili, punguza ile inayolia zaidi mpaka zilingane, ndipo utoe hukumu. Kisha ishushe sauti kabisa usikilize tena. Hedifoni nzuri hubaki na uhai hata ikinong'ona.

Tatu, kabla hujailaumu hedifoni kwamba haina besi, hakikisha imekaa sawasawa. Zile za kuingia ndani ya sikio huja na vifuniko vya mpira vya ukubwa tofauti. Watu wengi huvitupa pamoja na sanduku, nao hawajui kwamba wametupa besi yenyewe. Jaribu vyote. Si ajabu ukakuta sikio la kulia linataka kikubwa na la kushoto kidogo. Kwa zile kubwa zinazofunika sikio, miwani, rasta au kitambaa cha kichwani huacha upenyo, na besi ndiyo hutangulia kutoroka. Dada aliyesuka nywele nene asipime akiwa amezibana nyuma kwa muda; apime akiwa vile anavyokuwa siku zote.

<b>Starehe haipimwi kwa dakika moja</b>

Hedifoni ikiwa mpya, kila kitu ni kizuri. Baada ya nusu saa ndipo ukweli hujitokeza. Kama muuzaji anakuruhusu, keti nayo kwa dakika ishirini au zaidi, wala si lazima muziki ucheze muda wote. Chunguza mambo haya: je, upinde unaminya utosini? Ncha za masikio zinapata moto? Mkono wa miwani unachomwa kwenye fuvu? Taya zinapotafuna, je, hedifoni inasogea?

Fahamu kwamba kubana na besi ni ndugu. Hedifoni inayobana sana huziba vyema, na hivyo hutoa besi nyingi. Lakini ni hiyo hiyo itakayokuumiza kichwa. Inayokaa kwa ulegevu hupendeza ngozi lakini hupoteza mdundo. Unatafuta ile iliyo katikati, na katikati hiyo si sawa kwa vichwa vyote.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Vijimto vya ngozi bandia huziba vizuri, lakini mkazi wa Mombasa au Lodwar atatokwa jasho masikioni kabla ya wimbo wa tatu kwisha, na jasho hilo huifanya ngozi hiyo ibanduke upesi. Sponji na kitambaa hupitisha hewa, ingawa huachilia besi kidogo. Uliza kama vijimto vinaweza kubadilishwa. Kama haviwezi, siku vitakapochakaa umenunua taka.

<b>Masikio hayana vipuri</b>

Sasa tufikie jambo zito kuliko besi. Watu wengi hawaongezi sauti kwa sababu wanapenda kelele. Huongeza kwa sababu ya kelele iliyopo. Umo ndani ya matatu, injini inanguruma, utingo anapiga kelele, na mngurumo huo wa chini hula besi yako. Unaongeza. Besi inarudi, lakini sauti nyembamba nazo zimepanda pamoja nayo, na hizo sikio huziumia zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu kwa wiki. Kwa watoto, kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75 kwa saa hizo 40. Shirika hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na usikilizaji usio salama. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno zenye vinyweleo, ambazo ndizo hugeuza mtetemo kuwa habari ya ubongo. Zikifa, hazioti tena.

Kwa hivyo, hedifoni inayoziba kelele za nje vizuri si anasa. Inakuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na bado ukapata mdundo. Weka kiwango cha simu kisipite asilimia 60, pumzisha masikio mara kwa mara, na ukisikia mlio kama wa nyenje baada ya kuvua hedifoni, jua umezidisha. Mlio huo ukikataa kwisha, nenda hospitalini. Na unapovuka barabara, vua. Honi ya lori haingoji wimbo uishe.

Mzazi unayemnunulia mtoto, usiulize dukani, "Ipi ina besi kubwa?" Uliza, "Ipi inasikika vizuri ikiwa imepunguzwa?" Muuzaji huenda akakushangaa. Mwache ashangae, mpe wimbo wako, nawe uketi usikilize bila haraka. Pesa bado ni zako mpaka uzitoe.