Uyoga wa Porini: Chakula na Sumu
Mvua zianzapo kunyesha katika misitu ya miombo nchini Tanzania, uyoga wa jenasi Termitomyces huchomoza vichuguuni. Mchwa huulima chini ya ardhi, nao ni chakula kizuri. Hata hivyo, si kila uyoga huliwa. Uyoga uitwao Amanita phalloides una amatoksini, sumu isiyoharibiwa kwa kupikwa wala kukaushwa. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya saa 6 hadi 24, na huenda ini limekwisha kudhurika. Uyoga kuliwa na wadudu au wanyama si uthibitisho kwamba ni salama kwa binadamu. Basi anayeanza kuchuma na ajifunze aina moja moja kwa mchumaji mzoefu. Akiwa na shaka, asiule.