Yua ya Ndeke: Jinsi Ndege za Kijeshi Ziletavyo Chakula Wakati wa Maafa

Ukifika sokoni Kikima, katika vilima vya Mbooni, ukamwuliza mzee alizaliwa mwaka gani, huenda asikutajie tarakimu. Atakuambia, "Nilizaliwa wakati wa Yua ya Ndeke." Neno yua katika Kikamba ni njaa kuu, na ndeke ni ndege irukayo angani. Njaa hiyo ilikuwa ya mwaka 1961, nayo ilipewa jina hilo kwa sababu chakula cha msaada kilitupwa kwa ndege. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina lake, ili wajukuu wakumbuke taabu iliyopita na pia njia ambayo watu waliponea.

Jina hilo linajulikana na wengi, lakini kazi yenyewe haijulikani sana. Makala haya yaeleza jinsi wanajeshi wa anga wanavyopeleka chakula mahali pasipofikika, na kwa nini jambo hilo ni gumu kuliko lionekanavyo na mtu aliye chini. Tena yaeleza yale yawapasayo watu kufanya ndege ya msaada ijapo, kwa maana gunia lililoletwa kumwokoa mtu laweza pia kumwua.

MVUA BAADA YA UKAME

Vijana huuliza swali la haki: ikiwa mvua ilinyesha mwaka ule, na ikanyesha kwa wingi, mbona watu walikuwa na njaa? Jibu ni kwamba mvua haimshibishi mtu siku inyeshapo. Ukame ulikuwa umeishika Ukambani mwaka 1960 na sehemu kubwa ya mwaka 1961. Maghala yalikuwa matupu na mifugo imekonda. Kisha, tangu mwezi wa Oktoba 1961, mvua kubwa mno ikaishukia Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa hali ya hewa walikuja kueleza baadaye kwamba Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto kupita kawaida, na upande wa Indonesia ilikuwa na baridi, kwa hiyo mvuke mwingi ukaja huku kwetu. Mto Tana ulifurika ukafunika nchi za kando yake. Ziwa Victoria nalo likaanza kujaa, na katika miaka michache likapanda zaidi ya mita mbili.

Basi mkulima aliyepanda mahindi au kunde siku mvua ilipoanza, ilimbidi angoje miezi kadhaa kabla ya kuvuna. Katika miezi hiyo chakula kilipaswa kuletwa toka mbali kwa reli na kwa lori. Lakini mvua ileile iliyoziotesha mbegu ilikuwa inavunja madaraja na kuzigeuza barabara kuwa tope. Mtu wa Mbooni hahitaji kufundishwa habari hiyo. Maji ya vilima vyake huteremka kwenye Thwake, Thwake huingia Athi, na Athi ikijaa, pasipo daraja hapana avukaye kwenda Kitui. Hivyo chakula kilikuwa upande mmoja, wenye njaa upande wa pili, na maji katikati. Ndipo ndege zikaitwa.

NDEGE NA WANAJESHI WAKE

Wakati ule Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na kituo Eastleigh, mjini Nairobi. Palikuwa na ndege za aina mbili zilizofaa kazi hiyo. Ya kwanza iliitwa Beverley. Ilikuwa na injini nne na tumbo pana kama ghala, na milango yake ya nyuma iliweza kuondolewa ili mizigo isukumwe nje ndege ikiwa inaruka. Ya pili iliitwa Twin Pioneer. Hiyo ilikuwa ndogo, yenye injini mbili, nayo iliweza kutua penye uwanja mfupi wa majani ambapo ndege kubwa isingethubutu.

Kwa nini kazi hii hupewa wanajeshi? Sababu ni kwamba wao ndio wanaojifunza mchana na usiku kuruka chini na kutupa mizigo mahali padogo. Ujuzi huo ulibuniwa kwa ajili ya vita, ili askari walio porini wapate risasi na chakula. Lakini ujuzi wa kumtupia askari sanduku la risasi ndio huohuo uwezao kumfikishia mjane gunia la unga.

Ndani ya ndege kubwa ya namna hiyo kila mtu ana kazi yake. Marubani wawili hukaa mbele. Pamoja nao yuko mwongoza njia, ambaye hupima safari kwa ramani na saa, akitafuta uwanja ambao pengine hauzidi ukubwa wa kiwanja cha mpira. Mhandisi wa ndege huziangalia injini. Nyuma kabisa, penye mlango ulio wazi, husimama askari wa kusukuma mizigo, wamefungwa mikanda ili wasivutwe nje. Taa nyekundu ikiwaka hujiweka tayari. Taa ya kijani ikiwaka husukuma kwa nguvu zao zote, maana nafasi yao ni ya sekunde chache tu. Uwanja ukishapita, rubani huizungusha ndege na kurudi tena, mara nyingi, mpaka shehena iishe.

Juu ya nchi ya vilima kama Mbooni kazi huzidi ugumu. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na ndege iliyolemewa hupanda polepole. Ukungu wa asubuhi huvificha vilele. Bonde lililofungwa mbele ni mtego, kwa maana ndege haiwezi kusimama wala kurudi kinyumenyume. Ndiyo sababu watu waweza kuisikia ndege ikizunguka juu ya mawingu, kisha ikaenda zake na mzigo wake. Si kwamba imewadharau. Rubani akilazimisha kushuka asipoona, hatawaletea chakula bali msiba.

GUNIA HALIANGUKI WIMA

Hapa yafaa msomaji atulie afikiri. Watu wengi hudhani kwamba gunia litupwalo na ndege huanguka moja kwa moja chini ya mahali lilipoachiwa. Sivyo. Gunia lilipokuwa ndani lilikuwa likienda mbele pamoja na ndege, na likitoka huendelea kwenda mbele huku likianguka. Ndege ikienda mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na gunia likiachiwa mita 60 juu ya ardhi, litaanguka kwa muda wa sekunde tatu na nusu hivi. Katika muda huo mfupi litakuwa limesonga mbele karibu mita 190. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya ndege, akasema, "Bado haijafika juu yangu," ndiye hasa aliye katika hatari.

Gunia la kilo 50 likija kwa kasi hiyo huvunja paa, na mtu hawezi kulistahimili. Hata gunia lenyewe lingepasuka lisingetayarishwa. Kwa ajili hiyo nafaka hutiwa ndani ya gunia lisilojazwa mpaka juu, ili punje zipate nafasi ya kusogea, kisha gunia hilo hutiwa ndani ya jingine lililo kubwa zaidi. La ndani likipasuka, la nje huyapokea mahindi. Dawa, mafuta na vitu vingine vivunjikavyo hushushwa kwa miavuli, lakini mwavuli ni ghali na upepo waweza kuupeleka mbali.

Rubani akitaka magunia yasipasuke wala yasitawanyike, hana budi kuruka chini zaidi. Katika njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1984 na 1985, ndege za Hercules za Jeshi la Anga la Uingereza zilitupa nafaka milimani zikiruka chini mno, na wanajeshi wa anga wa Ujerumani walifanya kazi hiyo pamoja nao. Kuruka hivyo hupunguza hasara ya nafaka, lakini huongeza hatari kwa wanajeshi. Kosa la nukta moja lisingewapa nafasi ya kujisahihisha.

KAZI YA WATU WALIO CHINI

Wanajeshi wa anga hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya chifu, wazee na wananchi. Mambo haya yafaa yajulikane katika kila kijiji kiwezacho kukatiwa njia na mafuriko au maporomoko.

Kwanza, uwanja uchaguliwe mbali na nyumba, shule na zizi, mahali ambapo ndege yaweza kuja na kutoka bila kuzuiwa na kilima. Uwekwe alama ya nguo nyeupe au ya rangi kali, na moto wa majani mabichi uwashwe kando yake ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka.

Pili, watu wote na mifugo wakae pembeni, mbali na njia ya ndege. Asiwepo mtu mbele ya uwanja wala nyuma yake. Watoto washikwe mikono.

Tatu, ndege ikipita mara ya kwanza mtu yeyote asikimbilie magunia. Itarudi, na aliyeinama kuokota hataiona. Wote wangoje ishara ya mkubwa wa uwanja.

Nne, orodha ya watu iandikwe kabla chakula hakijafika, siyo baadaye. Wajane, wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga watajwe kwanza. Pasipo orodha mwenye nguvu hupata mara mbili, na yule ambaye ndege ilimjia hurudi nyumbani na kikapu kitupu.

Helikopta nayo ina sheria zake. Upepo wake huinua mabati na matandiko, kwa hiyo vitu vyepesi vifungwe. Mtu asiikaribie kwa nyuma, ambako mna panga dogo lizungukalo upesi hata halionekani. Na penye mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Kikima, asiiendee akitoka upande wa juu, maana hapo panga kubwa laweza kumfikia kichwani. Asogee kutoka mbele, akiwa ameinama, baada ya kuitwa na mwanajeshi kwa mkono.

TOKA EASTLEIGH MPAKA WEST POKOT

Tarehe 1 Juni 1964 Kenya iliunda Jeshi lake la Anga, na kituo cha Eastleigh kikawa makao yake. Tangu hapo msaada wa anga nchini umekuwa pia kazi ya vijana wetu wenyewe. Mwezi wa Novemba 1919 ungekuwa hadithi ya babu, lakini Novemba 2019 twaikumbuka sote: udongo uliporomoka usiku huko West Pokot, sehemu za Nyarkulian, Parua na Tapach, ukaua watu kadhaa wa kadhaa, na madaraja yakachukuliwa na maji. Helikopta za jeshi na za polisi ndizo zilizowapeleka waokoaji na vifaa mahali ambapo magari hayakuweza kupita.

Nchi nyingine nazo zimeona mambo kama hayo. Msumbiji ilipofurika mwaka 2000, helikopta za jeshi la anga la Afrika ya Kusini ziliokoa watu zaidi ya 14,000 waliokuwa juu ya mapaa na miti. Mwanamke mmoja alijifungua mtoto juu ya mti, na wote wawili wakaokolewa kwa helikopta.

GHALA LA NYUMBANI

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba ndege yaweza kuwa ghala la nchi. Tufanye hesabu. Ndege ikibeba tani 10 za mahindi, na kila mtu akila nusu kilo kwa siku, mzigo huo utawalisha watu 1,000 kwa siku 20 tu. Lori moja kubwa lapeleka kiasi hichohicho kwa gharama ndogo sana, ikiwa barabara ipo. Kwa hiyo ndege huitwa pale ambapo njia nyingine zote zimefungwa, nayo huachishwa mara tu barabara ifunguliwapo.

Wazee wa Ukambani wana majina mengine yafaayo kukumbukwa. Yua ya Mwolyo, ya miaka ya 1898 na 1899, iliitwa kwa chakula cha msaada kilichogawiwa. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Fedha haziliwi, na ndege haiji kila siku. Matuta yaliyochimbwa mashambani Mbooni, mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji katika mito mikavu, na gunia la nafaka lililokaushwa vema na kuwekwa mahali pasipo dumuzi, hayo ndiyo msaada wa kwanza.

Mwenye nyumba aliyeweka akiba ya miezi mitatu amejipa muda wa kungoja mvua, kungoja barabara itengenezwe, na ikiwa hapana budi, kungoja ukungu uondoke Mbooni ili rubani aone uwanja.