Seva Iliyonyamaza

Miongoni mwa mambo yanayowahangaisha wale waliokabidhiwa uangalizi wa makundi ya seva, hapana lililo zito kuliko kimya. Kwani seva inayolalamika kwamba diski yake imejaa au kumbukumbu yake imekwisha huwa imeshatoa dalili ya kumtosha fundi, ilhali ile isiyojibu haimwambii mtu kama imezimika, au imeelemewa na kazi, au i nzima kabisa na kilichokatika ni njia iliyo baina yake na anayeiuliza.

Tangu mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker walipoziunganisha kompyuta 16 za kawaida katika kituo cha NASA cha Goddard, huko Maryland, zikatenda kazi kama kompyuta moja, wasimamizi wamebuni programu nyingi za kuyachunga makundi ya namna hiyo. Baadhi yake, mathalan Ganglia iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huiacha kila seva itangaze hali yake yenyewe. Nyingine, kama Prometheus iliyoanzishwa Berlin mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, huzizungukia seva kila baada ya muda uliowekwa na kuzisaili moja moja. Njia zote mbili ni njema, nazo humpa fundi michoro ambayo akiisoma kwa utulivu, akatafuta ni mstari upi uliopinda kwanza kabla ya mingine, aghalabu hufika kwenye chanzo cha hitilafu. Lakini mbele ya kimya zote mbili husalia na dhana tu.

Hapo ndipo inaponijia kadhia ya GitHub, ghala ambamo watunzi wa programu wa dunia nzima huweka kazi zao amana. Jumapili ya tarehe 21 Oktoba 2018, katika pwani ya mashariki ya Marekani, kazi ya kawaida ya kubadilisha kifaa kibovu cha mtandao wa nyuzi za kioo ilikata mawasiliano baina ya kitovu cha mtandao wao na kituo chao kikuu cha data. Mawasiliano yakarejea baada ya sekunde 43. Huduma zao, hata hivyo, hazikutengemaa mpaka zilipopita saa 24 na dakika 11.

Hifadhidata zao za MySQL zilisimamiwa na programu iitwayo Orchestrator, ambayo nakala zake, zilizotawanywa mahali mbalimbali, hukata shauri kwa akidi, zikifuata kanuni ya Raft iliyochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford. Nakala zilizokuwa katika pwani ya magharibi, pamoja na zile zilizokuwa katika wingu la kompyuta la pwani ya mashariki, zilipokiona kituo kikuu kimenyamaza, na zenyewe zikatosha akidi, ziliamua kwamba seva kuu za mashariki zimepotea, zikatawaza nyingine magharibi badala yake. Hukumu hiyo ilikuwa halali kwa mujibu wa kila kanuni iliyokuwa imeandikwa, wala programu haikukosea hata hatua moja. Ila seva za mashariki hazikuwa zimekufa; katika kipindi kile kifupi zilikuwa zimepokea maandishi ambayo hayakuwahi kuvuka kwenda magharibi, na katika kundi mojawapo lenye shughuli nyingi maandishi hayo yalifika 954. Njia ilipofunguka tena, magharibi nako kukaanza kuandikwa mambo ambayo mashariki hayakuyajua. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa kila nahodha alikuwa na shehena ambayo mwenziwe hakuipakia.

Kengele za tahadhari zililia baada ya dakika chache. Mafundi walipoitaka Orchestrator iwaoneshe mpangilio wa hifadhidata, waliona jambo la kushtusha: iliwaorodheshea seva za magharibi peke yake. Kufikia walipotambua ukubwa wa tatizo, magharibi kulikuwa kumeandikwa kwa takriban dakika 40. Wangeweza kuzirejesha seva za mashariki katika ukuu wake na kuyafuta yote hayo, na huduma ingeamka upesi. Badala yake waliichagua salama ya data, wakasimamisha kwa makusudi baadhi ya kazi, wakaanza kurudisha matrilioni ya baiti kutoka katika nakala za akiba zilizokuwa mbali, shughuli iliyochukua saa nyingi, huku watumiaji wakiona kurasa zilizopitwa na wakati na arifa zaidi ya milioni 5 zikirundikana katika foleni. Naona, bila shaka yoyote moyoni, kwamba walifanya lililo haki. Kwa sababu aliyecheleweshwa siku nzima ataendelea na kazi yake kesho, lakini ambaye kazi yake imefutwa baada ya kuambiwa imehifadhiwa ametendewa khiyana, na hapana kasi inayoweza kumfidia.

Programu ya uangalizi haikuweza kulipima jambo hilo, maadamu haina mizani ya kupimia uzito wa amana. Iliweza kuhesabu kura tu. Kwa hiyo, walipoandika hadharani taarifa ya masaibu yao, miongoni mwa hatua walizoazimia ilikuwa kubadilisha mipangilio ya Orchestrator, ili isiruhusiwe tena kuutoa ukuu wa hifadhidata katika eneo moja na kuupeleka katika eneo jingine.