Alsatian: Mbwa aliyepewa jina la watu

UKIPITA karibu na geti lenye kibao cha 'Mbwa Mkali' na usikie mbweko mzito, kuna atakayekuambia, "Huyo ni Alsatian." Wengi wetu tunalijua neno hilo hadi hapo tu.

Kumbe mbwa huyu hakuzaliwa na jina hilo. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo Ujerumani, na aliyeanza kumfuga kama aina maalumu mnamo 1899 ni mwanajeshi Max von Stephanitz. Jina lake halisi ni German Shepherd, yaani mchungaji wa Kijerumani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Waingereza hawakutaka kusikia chochote chenye jina la Ujerumani. Basi wakamwita Alsatian, kana kwamba ametoka Alsace, eneo la Ufaransa lililopakana na Ujerumani. Chama cha mbwa Uingereza kilirejesha jina la zamani mwaka 1977, lakini huku kwetu, tuliotawaliwa na Waingereza, jina lililoletwa na chuki ya vita bado linatajwa getini.

Sasa Alsatian mwenyewe ni nani? Ni mtu wa Alsace, ambako mji mkubwa ni Strasbourg, makao ya Bunge la Ulaya. Lugha yao ya asili pia huitwa hivyo kwa Kiingereza, na ni ndugu ya Kijerumani.

Watu hao nao hawakuulizwa wanataka kuitwa nani. Ujerumani ilitwaa Alsace mwaka 1871. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ikarudi Ufaransa. Hitler akaichukua 1940, na kufikia 1945 ilikuwa ya Ufaransa tena. Mzee aliyezaliwa 1865 angeweza kubadilishiwa nchi mara nne bila kuhama nyumba.

Wanazi walipiga marufuku Kifaransa. Walipoondoka, ikawa zamu ya watoto waliokuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Hapo Mkenya yeyote aliyewahi kuvishwa 'disk' shingoni kwa kuteleza na kuongea lugha ya mama anaelewa bila kufafanuliwa.

Mbwa alirudishiwa jina lake. Lugha ya Alsace inaendelea kupoteza wasemaji, maana vijana wengi huko sasa wanaongea Kifaransa tu. Je, wewe unaweza kusalimiana na nyanya yako kwa lugha yake hadi mwisho?